Uluguru Si Ulaya Ndogo

Mtu akipanda hadi Morningside, akaikuta ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani imemezwa na ukungu, akalazimika kufunga zipu ya koti saa sita mchana, hushuka mjini na sentensi moja mdomoni: kule juu ni Ulaya kabisa. Sentensi hiyo imerudiwa Morogoro mpaka hakuna anayeihoji. Wanaisema wageni wa wikendi, wanaisema bodaboda wanaowapandisha, wanaisema hata watu waliozaliwa chini ya mlima. Na maneno yasiyohojiwa huzaa. Mmoja wa watoto wa sentensi hii ni imani ya wapenda bustani kwamba ua lolote linalostawi Uingereza litastawi Kilakala, Bigwa na Mgeta, kwa sababu baridi ni baridi.

Ua ambalo imani hii inawasukuma watu kulitafuta ni foksiglavu, ambayo wanasayansi huiita Digitalis purpurea. Wengi wameijua kwa picha za simu: shina moja lililonyooka hadi kumpita kimo mtoto wa darasa la nne, na upande mmoja wa shina hilo kengele za zambarau au nyeupe zimening'inia kwa safu, kubwa chini, ndogo juu, ndani ya kila kengele madoa meusi yaliyozungushiwa weupe. Ni ua zuri, na sitajifanya silioni. Pakiti ya mbegu zake ni nyepesi kuliko barua. Ndugu aliyeko Birmingham au Reading akiombwa zawadi ya Krismasi, kuitia kwenye begi hakumgharimu chochote.

Mimi nasema foksiglavu haina mahali katika bustani za Morogoro, si mjini wala mlimani. Nasema pia kwamba sababu inayotolewa na wengi wa wanaoikataa, yaani sumu, jinsi inavyotolewa ni dhaifu kuliko zote. Pande zote mbili, wanaoitaka na wanaoiogopa, wanaujadili mlima ambao hawajautazama.

Tuanze na hiyo baridi. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachotutazama tukiwa sokoni kiko mita 2,138. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo Nyandira na vijiji vingine vya Mgeta ni vya baridi kweli, na mwezi wa Julai mtu wa Dar es Salaam akilala kule bila blanketi mbili atasimulia. Hilo halibishaniwi. Lakini foksiglavu haiulizi baridi ni kali kiasi gani. Inauliza imeanza lini na imekaa wiki ngapi.

Kwa asili ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini na kutulia hapo. Kisha huja majira ya baridi ya kwao, wiki kwa wiki za hewa iliyokaribia kuganda, mchana na usiku, na wiki hizo ndizo zinazouambia mmea kwamba sasa unaweza kusimamisha shina. Zisipokuja, kwa kawaida mmea unaendelea kutoa majani tu, na mwenye bustani anaendelea kungoja. Uluguru haina majira ya namna hiyo. Baridi yetu huja na usiku na kuondoka na jua la asubuhi. Olov Hedberg, Msweden aliyechunguza mimea ya vilele vya Afrika Mashariki, alieleza zamani kwamba kwenye milima yetu mirefu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mimea iliyozoea mambo hayo imejengwa tofauti kabisa na ile inayolala miezi mitatu na kuamka.

Na mwanga vilevile. Kusini mwa Uingereza siku ya Desemba ina saa nane hivi za mwanga na siku ya Juni karibu saa kumi na saba. Huku kwetu, nyuzi saba kusini ya ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Mmea uliozaliwa kuhesabu siku zinazorefuka hapa hauna cha kuhesabu.

Mjini mambo ni mabaya zaidi. Tazama mche wa foksiglavu uliopandwa Kihonda kwenye kiriba mwezi wa Novemba. Majani yanatoka vizuri, mapana kama kiganja, yamekunjamana juu, na chini yana vinyweleo vyeupe laini. Mwenye nyumba anafurahi. Inakuja Februari. Saa saba mchana majani yote yamelala, jioni yanainuka, kesho yanalala tena mapema zaidi. Mwenye nyumba anaona kiu, anaongeza maji. Anaona njaa, anaongeza samadi. Masika yakifika, kitovu cha mche kimekuwa rojo la kahawia lenye harufu, na lawama inaangukia udongo. Udongo wa Kihonda una makosa yake, ila kwa hili hauna hatia.

Hapa mtetezi wa foksiglavu ana jibu, tena jibu zuri, na ni haki lisikike. Atasema: siku hizi kuna aina zisizohitaji majira ya baridi. Ni kweli. Aina iitwayo Foxy ilipewa tuzo ya wafugaji wa maua Marekani mwaka 1967 kwa sababu hiyohiyo, kwamba inachanua mwaka uleule iliopandwa, na baada yake zimekuja nyingine, kama Camelot, zenye tabia hiyo. Mjini hata hizi zitateswa na joto. Lakini ukizipeleka Mgeta, kwenye kivuli cha asubuhi na udongo wenye mboji, sioni kwa nini zisichanue.

Hapo ndipo hofu yangu inapoanza. Foksiglavu inayokufa Kihonda imempotezea mtu pesa ya pakiti. Inayostawi Mgeta itatupotezea kitu ambacho pakiti haiwezi kulipa.

Kabla ya kulifikia hilo, kuna hoja ya kabichi. Kila unapotilia shaka mimea ya Ulaya mlimani, mtu atakuonyesha lori la Nyandira lililojaa kabichi, karoti, njegere na viazi, na matunda damu yakija kwa msimu wake, akuulize: hivi navyo vilizaliwa Uluguru? Havikuzaliwa Uluguru. Vililetwa enzi za ukoloni, vikashika, na leo vinalisha Morogoro na sehemu ya Kariakoo. Ila angalia tunachokivuna. Kabichi tunaikata ikiwa bado ni jani, karoti tunaing'oa ikiwa bado ni mzizi. Hatungoji zichanue, na tungengoja tungengoja sana, maana kabichi nayo inahitaji wiki zake za baridi kabla ya kutoa ua. Ndiyo sababu mkulima wa Mgeta hurudi dukani kila msimu kununua mbegu za kopo zilizotoka nje ya nchi. Mafanikio ya kabichi, basi, ni ushahidi wa upande wangu: imefaulu kwa sababu hatujaitaka iishi maisha yake yote hapa. Mwenye foksiglavu anataka sehemu ileile ambayo kabichi haitupi.

Tena kusema "mlimani" kana kwamba ni mahali pamoja ni kosa lenye historia. Miteremko ya mashariki inayoangalia bahari, upande wa Matombo na Kinole, hupata mvua zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka mahali pengine. Mjini tunapata kama 900. Mgeta iko upande uliojificha nyuma ya mlima na ina hali yake. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo unamomonyoka, na mmomonyoko kweli ulikuwepo, ikaleta jibu moja kwa watu wote: chimbeni matuta ya benchi, kwa amri. Watu walichimba. Mahali pengi udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa na ule mfu wa chini ukaja juu, mazao yakadhoofika, na Julai 1955 hasira ikalipuka Matombo. Mpango ukafa. Watafiti Young na Fosbrooke waliandika kitabu kizima kuhusu mkasa huo. Bustani ya maua haina uzito wa jambo lile, najua. Fikra ndiyo ileile: mtu anaukadiria mlima kwa jina alilolipa, halafu anashangaa mlima unapokataa.

Sasa sumu. Wapinzani wa kawaida wa foksiglavu husema: ni sumu, itaua watoto, basi, mjadala umefungwa. Kwamba ni sumu ni kweli. Jani, ua, mbegu, vyote vinashika moyo na kuvuruga mapigo yake. Lakini hebu watu hawa wasimame kwenye mageti yao wenyewe watazame. Pale pana oleanda yenye maua ya waridi, iliyokatwa vizuri, na sumu yake ni ya ukoo uleule wa sumu ya foksiglavu. Kwenye uzio wa shule na ofisi kuna ile jamaa yake yenye maua ya njano na matunda ya kijani yenye pembe. Sumu ya mbegu za mti huo imejaza wodi za hospitali za Sri Lanka kwa miongo, na dawa iliyotengenezwa kuokoa waliozidishiwa dawa ya foksiglavu ndiyo imetumika kuwaokoa hata wao. Nyuma ya nyumba kuna mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni mtu atakimbizwa hospitali. Shambani kuna mihogo michungu. Tunaishi na sumu hizi zote, tunawaambia watoto wasizile, na kwa kiasi kikubwa hawazili, kwa sababu ni chungu. Anayeikataa foksiglavu kwa sumu tu, aanze na panga getini kwake.

Wala sumu za moyo si ngeni kwetu. Msunguti umetumika kupaka mishale Afrika Mashariki tangu zamani, na mimea ya jamii ya strofanthasi vilevile. John Kirk, aliyekuwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi iliyoanza 1858 na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliijua strofanthasi kwa mdomo wake: sumu ya mshale aliyokuwa akiihifadhi ilimwagikia mswaki, akapiga mswaki, akasikia uchungu, akahesabu mapigo ya moyo wake na kuyakuta yameshuka. Mbegu hizo zilifika Edinburgh, Thomas Fraser akazichunguza, na zikaingia kwenye maduka ya dawa ya Ulaya kama mshindani wa foksiglavu. Kwa hiyo anayetuambia foksiglavu ni ya kuogopwa kwa sababu ni sumu ya kigeni ya ajabu, hajui yaliyomo kwenye pori la nchi yake.

Nimesema hoja ya sumu ni dhaifu jinsi inavyotolewa. Ipo namna ya kuitoa ambayo ina nguvu, na sijaisikia ikitolewa. Hatari haiko kwa mtoto anayechuma kengele ya zambarau uani. Iko kwenye ule mwaka wa kwanza, wakati mmea hauna ua lolote na ni majani mapana, laini, yaliyotandaa ardhini. Kwa mwonekano ni mboga. Huko Ulaya, ambako watu wanaijua foksiglavu kwa karne nyingi, bado wapo walioyachuma majani yake wakidhani ni komfri, wakayachemsha chai, wakaishia hospitali. Sasa weka jani hilo Mgeta, kando ya njia ya shamba. Mama anarudi jioni, mkononi ana fungu la mnavu na mboga nyingine za porini alizochuma njiani. Bibi wa Kiluguru anayajua majani ya mlima wake kwa kuyagusa tu, na bintiye kayajua kwake. Jani hili hakuna aliyefundishwa.

Na kuna mbuzi. Mgeta ni nchi ya mbuzi wa maziwa, wenye damu ya Norwei, walioletwa kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mbuzi hao hukaa bandani na kuletewa majani. Mbuzi anayejichungia huonja, akikuta uchungu huacha. Wa bandani anakula alichokatiwa, na anayekata, mara nyingi mtoto kabla ya shule, anakata kwa mundu kilicho mbele yake pembezoni mwa njia, gizagiza la alfajiri. Majani ya foksiglavu hayapotezi sumu yakikauka. Kwenye fungu la majani makavu hayatambuliki hata na mwenye bustani aliyeyapanda.

Kisha kuna biashara ya dawa. Mtu akishasikia kwamba dawa ya moyo ya hospitali, digoksini, ni ya ukoo wa ua hili, atatokea wa kuyakausha majani na kuyauza kama tiba ya presha. Nisikilizwe vizuri hapa. William Withering, daktari wa Kiingereza, alitoa kitabu chake kuhusu foksiglavu mwaka 1785, na sehemu kubwa ya shida yake ilikuwa kipimo: kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana mno. Nguvu ya jani hubadilika kutoka mche hadi mche na msimu hadi msimu. Digoksini tunayoijua ilitengwa mwaka 1930, tena kutoka kwa jamaa yake, Digitalis lanata, si kutoka kwa hii ya zambarau, na hata leo daktari anayeitoa humfuatilia mgonjwa kwa karibu. Hakuna chai ya foksiglavu inayotibu presha. Ipo inayosimamisha moyo.

Turudi kwenye kustawi, ambako ndiko kwenye kiini cha mambo. Mbegu za foksiglavu ni vumbi. Mmea mmoja uliokomaa hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, na mbegu hizo zinataka mwanga ili ziote. Ardhi iliyofunikwa na msitu haziiwezi. Zinachotaka ni udongo uliofunguliwa: ukingo wa barabara mpya, poromoko la masika, shamba lililolimwa kwenye mteremko kisha likaachwa. Niambie ni sehemu gani ya Uluguru nje ya hifadhi isiyofanana na maelezo hayo. Mlima wetu, jinsi tunavyoulima, ni kitalu kilichokwisha kutayarishwa.

Mtetezi atasema: haitazaa, mdudu wake hayupo. Ana sehemu ya ukweli. Kengele ya foksiglavu imeumbwa kwa ajili ya nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, bambasi, na kusini mwa Sahara nyuki hao hawapo kabisa. Nilikuwa naiona hoja hii ni nzito hadi nilipofuatilia yaliyotokea Amerika. Foksiglavu ilipelekwa milima ya Kolombia na Kosta Rika karne mbili hivi zilizopita, ikatoroka bustanini, na sasa inaota yenyewe kwenye nchi za tropiki zilizo juu, hewa ya ubaridi, ukungu, siku za saa kumi na mbili. Inafanana na wapi? Kule ndege wadogo wavumao wanaofyonza nekta ya maua waliichukua kazi ya nyuki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mrija wa ua la huko umerefuka kuliko wa Uingereza, ukawafaa ndege hao. Yaani mmea haukungoja mdudu wake. Ulipata mwajiriwa mwingine na kujirekebisha.

Uluguru haina ndege wavumao. Ina chozi. Ina hata chozi wa Loveridge, ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani ila kwenye mlima huu. Kama chozi wataikubali foksiglavu siwezi kuapa. Ila sitaki jibu la swali hilo litafutwe na mtu mmoja mwenye pakiti, mita chache kutoka Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000 za msitu uliohifadhiwa kwa hadhi hiyo tangu 2008, ambamo yanatoka maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Amani, Usambara Mashariki, wanaujua mchezo huu. Wajerumani walianzisha taasisi pale mwaka 1902 na kupanda mimea ya dunia nzima kwa majaribio. Wapandaji wakaondoka. Maesopsisi ikaingia msituni, klidemia ikaingia msituni, na hadi leo wahifadhi wanahangaika nazo.

Nitaambiwa hii ni chuki ya uzawa iliyovishwa sayansi. Sivyo. Bogonvilia yangu asili yake ni Amerika Kusini, mjakaranda hali kadhalika, na siku hata moja sijafikiria kuing'oa bogonvilia. Haijali kama ninaipenda, na muhimu zaidi, nikisafiri miezi sita nitaikuta palepale nilipoiacha, imerefuka tu, kwa sababu hapa kwetu ni nadra mno kutoa mbegu. Waridi pia ni wageni, na wametii. Swali la kumuuliza mmea si la pasipoti. Ni hili: ukiachwa peke yako, utakwenda wapi?

Kwa kigezo hichohicho, hata mzawa anaweza kukosea bustani. Mfano ninaoupenda kuliko wote ni violeti ya Afrika. Dunia inaifahamu kwa sababu Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, aliipeleka kwao, na mwaka 1893 ikapewa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Leo iko kwenye madirisha ya nyumba za wazee kuanzia Chicago hadi Tokyo. Uluguru nayo ina violeti yake, iliyopewa jina la Walter Goetze, Mjerumani aliyekusanya mimea hapa mwishoni mwa miaka ya 1890. Inaishi juu, mita 1,300 na zaidi, imebandikwa kwenye jiwe lenye kuvu la kijani na maji yanayotiririka taratibu, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja. Majani ni madogo ya mviringo, yana nywele, na ua ni la rangi ya samawati hafifu sana, karibu jeupe, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ilete mjini kwenye kopo, itakufa, na wafugaji wa maua wa Ulaya wenye vioo na mashine za kupoza hewa wanaijua kwa ukaidi wake. Jamaa yake wa Tanga alizoea nchi ya chini yenye joto, ndiyo maana aliweza kuhamia sebuleni kwa watu. Mlima uleule mmoja, unaoitwa Ulaya, hauwezi hata kuishusha violeti yake hadi Kilakala. Kisha mtu anataka kupandisha ua la Wales.

Basi tupande nini? Anayetaka rangi kivulini apande impatiensi, ile yenye shina la maji na maua ya waridi, mekundu au meupe yasiyokoma mwaka mzima. Ni mmea wa pwani na milima yetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Kirk yuleyule wa mswaki aliipeleka Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 wakaipa jina la Sultani. Leo ni miongoni mwa maua yanayouzwa kwa wingi kwenye bustani za Ulaya na Marekani, na inaturudia kwenye pakiti zenye picha, tunainunua. Huna haja ya pakiti. Kata kitawi kwa jirani, kitie kwenye glasi ya maji dirishani, mizizi itatoka yenyewe. Mlimani zipo nyingine za ukoo huo, Impatiens ulugurensis mojawapo, na hizo ziachwe zilipo: ndani ya hifadhi kung'oa mmea ni kosa, na hata pasingekuwa na sheria, mmea wa jiwe lenye maji utakufia mkononi kabla ya kufika Msamvu. Violeti za madukani, zilizokwisha kuzoea nyumba, zikae barazani upande wa jua la asubuhi, zimwagiliwe kwenye kisahani na si juu ya majani. Anayetaka shina refu lenye kengele, kwa kuwa najua ndicho kinachomvuta, aagize gladiolasi. Jamii yake kubwa ni ya Afrika hiihii, ua lake husimama vilevile kwa safu, na tunguu lake unaweza kulihesabu na kulichimba.

Morogoro, juu ya yote, ni mji wa mbegu. TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, makao yake makuu yako hapa. Wakala wa Mbegu za Kilimo uko hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapa. Kuingiza mbegu kutoka nje kunadai kibali na ukaguzi, na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliunda mamlaka nzima kwa kazi hiyo. Pakiti iliyopita uwanja wa ndege kati ya soksi na shati haikukaguliwa na yeyote, na ni aibu kuipanda umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi hizo zote.

Aliyekwisha kuwa nayo asiitupe jalalani wala asiimwage kwenye shimo la mboji, maana mboji ndiyo udongo uliofunguliwa, na mbegu za namna ile hupita kwenye tundu ambalo siafu hapiti. Aichome, pakiti na vyote. Mwenye miche ambayo tayari iko Mgeta aing'oe kabla haijasimamisha shina, avae glavu, na asiitupe popote ambapo mkata majani ya mbuzi anaweza kuikuta.